Punje Iliyopita

Miaka ishirini na sita nimekaa meza hii,
kiwandani, ng'ambo ya reli, Moshi mjini,
na vidole vyangu hujua kabla yangu:
nzima kulia, iliyopasuka kushoto,
nyeusi kushoto, iliyotobolewa na mdudu kushoto,
kushoto, kushoto, kulia.
Punje haiulizwi.
Wala siichukii. Hilo ningependa lieleweke.

Jumapili mchungaji alisema tuliteuliwa
kabla Kibo haijavaa theluji,
kabla haijawa hata moto chini ya ardhi;
jina likaandikwa, wino ukakauka.
Ndealilia, jirani yangu wa meza na wa benchi,
akanifinya paja: "Umesikia? Ndio sisi hao."
Nikaitika amina. Ikanikwama
kama mwiba wa perege wa Nyumba ya Mungu.

Maana tulikuwa wawili kitandani, mimi na Aikande,
surua ile ile, blanketi lile lile,
kijiko kimoja kilitoka kinywani mwake
kikaingia kwangu bila kuoshwa.
Mama alituombea kwa pumzi moja,
akiyakaza majina yetu pamoja
kama afungaye mzigo wa majani ya ng'ombe.
Alfajiri mzigo ukafunguka.
Wakamzika migombani, upande wa mfereji,
nami nikapewa uji, na maneno:
"Wewe Mungu kakuchagua."
Nilikuwa na miaka saba. Uji ulikuwa na sukari.
Niliumaliza wote.

Tangu siku ile sijui kula
bila kutazama upande wa pili wa sinia.

Mwaka jana ikaja mashine yenye jicho.
Punje huanguka mbele yake kama mvua ya masika,
jicho huona, upepo hupuliza, pfu,
iliyokataliwa imekwenda.
Haikosei, anasema Bwana Kisamo, msimamizi wetu.
Haichoki. Haina mgongo.
Wanawake arobaini wakarudi Pasua, na Njoro, na Rau.
Tumebaki sita, kwa zile ambazo jicho limezionea shaka.
Hata hapo waliniambia nimechaguliwa.

Basi nimemfikiria sana Mungu wa mahubiri yale.
Akiwa ana jicho tu, nitamwogopa, nitamtii, basi.
Lakini kama ana mkono,
mkono wenye ukucha uliovunjika na vumbi la maganda,
unaochoka saa tisa alasiri na bado unaendelea,
huyo naweza kumuuliza habari za Aikande.

Na zile za kushoto, mnajua ziendako?
Zilizo bora hupanda meli; sijawahi kuzionja.
Za kushoto tunauziwa kwa debe, bei ya chee,
tunazikaanga chunguni, tunatwanga,
na uchochoro wetu wote huamshwa na harufu yake.
Miaka yote hii, kilichonipasha moto asubuhi
ni kile nilichokikataa kwa mkono wangu.
Sisemi hiyo ni hoja. Nasema nimekunywa.

Leo saa tatu, Kibo ikijifunika wingu kama kawaida yake,
imenijia punje yenye ufa, ndogo,
ya kushoto bila ubishi.
Nimeishika mpaka ikapata joto la kidole.
Bwana Kisamo alikuwa mlangoni akisaini karatasi.
Nimeipitisha kulia.

Sijui kama ndivyo nilivyopita na mimi:
si kwa wino, si kwa uzima wangu,
ila kwa mkono uliokawia kidogo.
Na kama ulikawia kwangu,
kwa nini usikawie kitanda kizima?

Ndealilia ameona. Hakusema kitu.
Amesogeza fungu lake likagusa langu.